Virginius, Neera, Doelwijk au Bundesrath: uchague meli ipi kwa tasnifu, somo au mdahalo wako?

Mwanafunzi mmoja alinijia na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ndani yake alikuwa ameandika majina manne ya meli. Mawili alikuwa ameyapigia mstari, akaifuta mistari hiyo, kisha akaipiga upya chini ya majina mengine mawili. Karatasi ilishaanza kutoboka. "Mwalimu," akasema, "zote nne zilikamatwa kwa kudhaniwa zinapeleka silaha, na zote nne zilizua ugomvi wa mataifa. Sasa mimi nishike ipi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia aniachie karatasi. Haya ndiyo majibu yake, na nayaandika kwa urefu kwa sababu najua wapo wengine waliokwama palepale: wanaosoma historia au sheria na kutakiwa kuleta mada ya tasnifu, walimu wa sekondari wanaotafuta kisa kimoja cha kufundishia ugombaniaji wa Afrika, na vijana wa midahalo wanaotaka hoja yenye pande mbili za kweli. Sitakuambia meli moja ndiyo bora kuliko zote, maana kila moja inajibu swali tofauti. Ukichagua meli kabla hujajua swali lako, utafika katikati ya sura ya tatu ndipo ugundue kwamba ulipanda chombo kisichokwenda unakotaka.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni hali iliyokuwepo meli ilipokamatwa: vita, uasi, au amani. Hapa ndipo kesi nyingi huamuliwa. Katika sheria ya bahari ya karne ya 19, taifa lililo vitani lilikuwa na haki ya kusimamisha na kupekua meli za biashara za mataifa yasiyo vitani, kuangalia kama zimebeba magendo ya vita, yaani silaha na vifaa vya kupigania vinavyopelekwa kwa adui. Wakati wa amani haki hiyo haikuwepo kwenye bahari kuu, labda iwe imetolewa kwa mkataba.

Cha pili ni bendera na karatasi. Meli ilipeperusha bendera ya nani, na je, ilikuwa na haki nayo?

Cha tatu ni shehena yenyewe. Silaha zilionekana, au zilidhaniwa tu?

Cha nne ni bandari ya mwisho, na hiki kinahitaji maelezo kidogo. Tuseme meli inakwenda bandari ya nchi isiyo vitani, na kutoka pale bunduki zitapakiwa kwenye reli au ngamia na kuvushwa mpaka hadi kwa mmoja wa wanaopigana. Hizo ni safari mbili au ni safari moja? Wanaosema ni moja wana kanuni yao, ambayo hapa nitaiita safari isiyokatika. Iliota mizizi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka 1863 Wamarekani waliikamata meli ya Waingereza, Springbok, ikielekea Nassau kwenye visiwa vya Bahama. Mahakama Kuu ya Marekani ikaiachia meli lakini ikataifisha shehena, kwa hoja kwamba Nassau ilikuwa kituo tu na mzigo ulikuwa ukienda kwa waasi wa Kusini. Likumbuke jina hilo, litarudi.

Cha tano ni jinsi serikali zilivyolichukua jambo na jinsi lilivyomalizika: mahakamani, mezani, au kimya kimya.

Cha sita hakina fahari yoyote lakini ndicho kinachowaangusha wengi: nyaraka zipo kwa lugha gani, na je, wewe unaisoma?

Virginius, 1873

Cuba ilikuwa koloni la Hispania, na Wacuba walikuwa wamenyanyua silaha tangu 1868. Virginius ilikuwa meli ya mvuke iliyowapelekea watu na bunduki chini ya bendera ya Marekani. Tarehe 31 Oktoba 1873 manowari ya Hispania, Tornado, iliifukuza hadi karibu na Jamaica na kuikamata. Mwindaji na mwindwa walikuwa wametoka mahali pamoja: meli zote mbili ziliundwa kwenye mto Clyde, Scotland, siku za vita vya Marekani. Walioko ndani ya Virginius walitupa silaha baharini, na makaa yalipowaelemea wakalisha tanuri za injini hadi nyama ya nguruwe na mafuta yaliyokuwemo melini. Haikusaidia. Meli ikiwa na watu 155 ikavutwa hadi Santiago de Cuba.

Kilichofuata ndicho kinachoitenga na nyingine zote. Jenerali Juan Burriel aliwapeleka waliokamatwa mbele ya mahakama ya kijeshi kama maharamia, na kati ya tarehe 4 na 8 Novemba watu 53 walipigwa risasi. Miongoni mwao alikuwa nahodha, Joseph Fry, pamoja na raia wa Marekani na wa Uingereza. Mauaji yalikoma baada ya manowari ya Uingereza, Niobe, kufika kutoka Jamaica, na nahodha wake Lambton Loraine kutishia kuupiga mji kwa mizinga.

Kwa kigezo cha hali, hapakuwa na vita vilivyotambuliwa. Marekani yenyewe ilikuwa imekataa kuwatambua Wacuba kama upande halali wa vita. Kwa hiyo Hispania haikuwa na haki ya taifa lililo vitani ya kupekua meli, na ndiyo maana ilikimbilia neno uharamia. Kwa kigezo cha bendera, hapo pana utamu wa kisheria. Mwanasheria Mkuu wa Marekani, George Williams, alipochunguza aligundua kwamba usajili ulipatikana kwa udanganyifu, maana wenye meli wa kweli walikuwa Wacuba. Lakini akasema vilevile kwamba udanganyifu huo ni kosa dhidi ya Marekani, na haukuipa Hispania ruhusa ya kuigusa meli hiyo kwenye bahari kuu. Msome polepole hapo. Mtu anaweza kuwa na makosa nyumbani kwake na bado jirani asiwe na haki ya kuvunja mlango.

Waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Hamilton Fish, na balozi wa Hispania, José Polo de Bernabé, walitia saini makubaliano tarehe 29 Novemba. Meli ikarudishwa Desemba, na siku chache baadaye ikazama karibu na Cape Fear ikiwa njiani kwenda nyumbani. Mwaka 1875 Hispania ililipa dola 80,000 kwa ajili ya familia za Wamarekani waliouawa. Burriel hakuadhibiwa.

Nyaraka nyingi ni za Kiingereza na Kihispania. Inamfaa anayeandika kuhusu haki za mateka, matumizi ya neno "haramia" kwa mpinzani wa kisiasa, au udanganyifu wa bendera, jambo ambalo bado lipo baharini. Haimfai sana anayetaka hoja ya safari isiyokatika, kwa sababu hapa hakuna bandari ya katikati. Mtego wake ni hisia. Mauaji ya Santiago ni mazito kiasi kwamba mwandishi husahau kuuliza kama ukamataji wenyewe ulikuwa halali, na hayo ni maswali mawili.

Neera, 1889

Hii ni ya kwetu, na inanisikitisha kwamba haifundishwi. Wanafunzi wetu wanamjua Karl Peters kwa mikataba ya 1884 huko Usagara, lakini meli yake hawaijui.

Mwaka 1888 pwani ya mrima iliwaka moto dhidi ya kampuni ya Wajerumani, Abushiri bin Salim akiwa kiongozi anayetajwa zaidi. Kuanzia Desemba 2, 1888, Ujerumani na Uingereza ziliweka mzingiro wa pamoja wa pwani, kwa jina la Sultani Khalifa wa Zanzibar. Lililotangazwa ni kuzuia watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Majahazi yalisimamishwa na kupekuliwa.

Katikati ya mzingiro huo ndipo Peters alipotokea, akiongoza msafara wa kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana mzaliwa wa Ujerumani aliyekwama Ikwatoria, juu huko mto Nile. Msafara wa namna hiyo haukwenda bila bunduki, na bunduki ndizo zilizokuwa zimepigwa marufuku. Waingereza, wakiongozwa baharini na Admirali Fremantle, hawakutaka atue. Peters akakodi meli ndogo ya mvuke, Neera, akawakwepa, na Juni 1889 akashuka kaskazini mwa Lamu, upande wa Witu, usultani mdogo wa pwani. Yeye akaingia bara kuelekea mto Tana. Neera ikakamatwa na Waingereza.

Sasa angalia lililotokea Berlin. Ungetegemea kishindo: msafara wa Wajerumani wazalendo, kiongozi maarufu, meli yao mikononi mwa Waingereza. Kansela wa Ujerumani, Bismarck, hakumtetea. Alikuwa ameukana msafara huo waziwazi, kwa sababu wakati huo urafiki wa London ulikuwa na thamani kwake kuliko Peters na bendera zake. Wafuasi wa Peters walilalamika wee, serikali yao ikabaki imekunja mikono.

Kwa vigezo vyetu: hali ilikuwa ya ajabu, mzingiro wa wakati wa amani kwa mgongo wa sultani asiye na nguvu ya kuukataa. Shehena haikuwa dhana tupu, maana msafara wenyewe ulikuwa na silaha. Bandari ya mwisho haikuwa bandari, ilikuwa ufuko. Na mwisho wa mgogoro ulitoka kwingine kabisa. Peters alifika Buganda na kupata mkataba kutoka kwa Kabaka Mwanga mapema 1890, lakini tarehe 1 Julai mwaka huohuo Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa Heligoland na Zanzibar, na makaratasi ya Peters ya Uganda na madai ya Ujerumani juu ya Witu yakafutwa kwa kalamu moja. Watu wa Witu hawakuulizwa.

Inamfaa anayetaka kisa cha pwani ya Waswahili chenye uhusiano na mada za silabasi: upinzani wa Abushiri, kugawanywa kwa Afrika Mashariki, mkataba wa 1890. Inamfaa pia mwanafunzi mwenye moyo wa kuchimba, kwa sababu haikuandikwa sana. Mtego wake ni Peters mwenyewe. Masimulizi mengi ya safari ile yametoka kwenye kalamu yake, na alikuwa mtu wa kujisifu. Ni huyuhuyu aliyeitwa Mkono wa Damu na wenyeji, na aliyefukuzwa kazi ya serikali yake mwaka 1897 kwa ukatili alioutenda Kilimanjaro. Usimnukuu bila kumpambanisha na barua za Waingereza na za serikali ya Ujerumani.

Doelwijk, 1896

Tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Italia lilipigwa Adwa, Ethiopia. Ugomvi ulianzia kwenye mkataba wa Wuchale wa 1889. Kifungu chake cha 17, kwa Kiamhari, kilimruhusu Menelik, mfalme wa Ethiopia, kuitumia Italia kuwasiliana na mataifa mengine, na kwa Kiitaliano kilimlazimisha. Baada ya Adwa mapigano yalitulia, lakini mkataba wa amani ulikuwa bado haujatiwa saini. Agosti 8, 1896, katika Bahari ya Shamu, manowari ya Italia iitwayo Etna iliikamata meli ya Kiholanzi, Doelwijk, iliyotoka Rotterdam ikielekea Djibouti. Ilikuwa imesheheni maelfu ya bunduki pamoja na risasi.

Hapa hakuna ubishi kama silaha zilikuwepo. Zilikuwepo. Ubishi ni mwingine, na ni safi kama maji ya kisima. Djibouti ilikuwa ya Wafaransa, na Ufaransa haikuwa vitani. Meli ilikuwa ya Uholanzi, nayo haikuwa vitani. Basi Italia iliingilia wapi? Ikajibu kwamba Djibouti ilikuwa mlango tu, na kila mtu alijua bunduki zile hazikuwa za matumizi ya Wafaransa. Ni Springbok tena, ila safari hii badala ya Nassau ni Djibouti.

Kuna tabaka la pili. Mkataba wa Brussels wa Julai 2, 1890 uliwekea mipaka uingizaji wa silaha katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Djibouti imo ndani ya ukanda huo. Mkataba huo ulipambwa kwa maneno ya kukomesha utumwa, na kweli ulihusu utumwa, lakini pia uliwapa mataifa ya Ulaya haki ya kuamua ni Mwafrika gani ashike bunduki ya kisasa na nani asishike.

Kesi ilikwenda Roma mbele ya tume ya ngawira, yaani chombo kinachoamua kama meli iliyokamatwa vitani inakuwa mali halali ya aliyeikamata. Tarehe 8 Desemba 1896 tume ikatoa uamuzi wenye sura mbili: ukamataji ulikuwa halali, lakini kwa kuwa mkataba wa amani wa Addis Ababa ulikwishatiwa saini Oktoba 26, vita vimekwisha na meli na shehena havitaifishwi. Italia ikapata kanuni iliyoitaka, Waholanzi wakapata meli yao.

Na kuna jambo moja ambalo kwangu mimi linaibeba kesi hii juu. Katika siku zilezile Doelwijk ilipokamatwa, mjumbe wa Papa Leo XIII alikwenda Addis Ababa kumwomba Menelik awaachie wafungwa wa Kiitaliano waliotekwa Adwa, zaidi ya elfu moja. Menelik alikataa, na katika jibu lake kwa Papa aliitaja hatua ya Italia ya kukamata silaha hizo. Yaani mfalme wa Kiafrika alisoma ukamataji wa meli kama ishara ya kidiplomasia na kuujibu kwa turufu aliyokuwa nayo mkononi. Katika meli zote nne, ni hapa tu Mwafrika anaonekana akiwa mmoja wa wachezaji wenye sauti.

Inamfaa mwanafunzi wa sheria, maana ina uamuzi ulioandikwa. Inamfaa anayetaka kuandika kuhusu diplomasia ya Kiafrika. Tatizo ni lugha: uamuzi na barua nyingi ni Kiitaliano, Kiholanzi na Kifaransa. Mtego ni kuandika kana kwamba vita vilikuwa vinaendelea kwa moto wakati ule, au kana kwamba vilikuwa vimekwisha. Nguvu ya kesi imo katika ile miezi ya katikati.

Bundesrath, 1899 hadi 1900

Vita vya Waingereza na Makaburu vilianza Oktoba 1899. Jamhuri za Makaburu hazikuwa na pwani. Njia yao ya bahari ilikuwa Lourenço Marques, Maputo ya leo, kwenye ghuba ya Delagoa, koloni la Wareno, na kutoka pale reli ilikwenda moja kwa moja hadi Pretoria. Meli za Deutsche Ost-Afrika Linie zilipita hapo kwa ratiba. Hii ndiyo kampuni iliyoanza 1890 kwa ruzuku ya serikali ya Ujerumani ya mark 900,000 kwa mwaka, na meli zake zilikuwa zikitia nanga Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar kabla ya kuteremka kusini. Wazee wa bandari zetu walizijua kwa bomba zake.

Mwishoni mwa Desemba 1899 manowari ya Uingereza, Magicienne, iliikamata Bundesrath karibu na ghuba ya Delagoa na kuipeleka Durban mbele ya mahakama ya ngawira. Walidai ina silaha za Makaburu na watu wanaokwenda kuwapigania. Mapema Januari wakaizuia General huko Aden, na ikabidi shehena ishushwe ili ipekuliwe. Kisha wakaikamata Herzog, ambayo ilikuwa na wahudumu wa tiba. Zote tatu zilikuwa za kampuni hiyohiyo, na Bundesrath ilibeba barua za posta ya serikali ya Ujerumani, jambo lililowauma Wajerumani kuliko yote.

Wakapekua. Hawakukuta magendo. Bundesrath iliachiwa Januari 18, 1900.

Kwa kigezo cha hali, hapa Uingereza ilikuwa kwenye ardhi imara: vita vilikuwepo, haki ya kupekua ilikuwepo. Bendera haikuwa na shaka. Shehena ndiyo iliyowaangusha. Lakini wasomaji wa sheria watavutiwa zaidi na barua zilizopita kati ya balozi wa Ujerumani, Hatzfeldt, na Lord Salisbury, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza na waziri wake wa mambo ya nje kwa pamoja. Ujerumani ilisema kati ya bandari mbili zisizo vitani hapawezi kuwa na magendo ya vita, na ili kuthibitisha ikawafungulia Waingereza mwongozo wao wenyewe wa jeshi la majini wa 1888, unaosema mwisho wa safari ya meli ndio unaoamua mwisho wa safari ya mzigo. Salisbury naye akajibu kwa kumtaja Bluntschli, mwanasheria aliyefundisha Heidelberg, Ujerumani, aliyeandika kinyume cha hayo. Kila upande umeshika kitabu cha mwenzake! Na Uingereza, ambayo mwaka 1863 meli yake Springbok ndiyo iliyotendewa hivyo, sasa ndiyo inayoitetea kanuni ya safari isiyokatika.

Mambo yalimalizika kisiasa, si mahakamani. Januari 19 waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, Bernhard von Bülow, alisimama Reichstag, bunge lao, na kueleza waliyokubaliana: Uingereza inatambua wajibu wa kulipa fidia, haitasimamisha meli Aden wala mbali kiasi hicho na uwanja wa vita, haitakamata meli za posta za Ujerumani kwa dhana tu, na imeeleza masikitiko yake. Swali la kanuni likaachwa likining'inia. Lilijaribiwa tena kwenye Tamko la London la 1909, ambalo halikuthibitishwa na mataifa kamwe.

Ila faida kubwa ilivunwa Berlin. Admirali Tirpitz, waziri wa jeshi la majini la Ujerumani, alikuwa na muswada wa kuongeza manowari, na hakuna kampeni ambayo ingeweza kumfanyia kazi kama picha ya meli ya posta ikiburutwa Durban. Juni 1900 muswada ulipita, ukilenga manowari kubwa 38, mara mbili ya sheria ya 1898. Sisemi Bundesrath ndiyo iliyoleta vita vya 1914. Nasema ilimpa Tirpitz upepo.

Inamfaa mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa, na ni rahisi zaidi kwa nyaraka: serikali ya Uingereza ilichapisha barua zenyewe mwaka 1900, kwa Kiingereza. Anayesoma Kijerumani ana ziada, kwani Dar es Salaam ilikuwa na gazeti lake la Kijerumani tangu 1899, na Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina majalada ya utawala wa Wajerumani. Mtego ni mmoja na nimeshauona mara nyingi kwenye kazi za wanafunzi: kuandika kwamba Bundesrath ilikamatwa na silaha. Ilikamatwa kwa dhana ya silaha. Tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Jozi ninayoipenda kuliko zote ni Neera na Bundesrath. Bahari ileile, Mwingereza yuleyule anakamata, Mjerumani yuleyule anakamatiwa, na kati yao ni takriban miaka kumi na nusu. Neera ilihusika na silaha kweli, na Berlin ikanyamaza. Bundesrath haikukutwa na kitu, na Berlin ikafoka hadi Reichstag. Ukipima kwa shehena huwezi kuelewa. Ukiuliza kila serikali ilikuwa inataka nini wakati ule, Bismarck na urafiki wake, Bülow na manowari zake, mambo yanafunguka.

Doelwijk na Bundesrath ni jozi ya kisheria. Swali ni moja, bandari ya jirani na mpaka nyuma yake. Moja ina jibu la tume, nyingine imeishia kwenye maneno ya mabalozi. Tena Lourenço Marques iko karibu nyuzi 26 kusini, nje ya ukanda wa Brussels, kwa hiyo tabaka la pili la Doelwijk halipo kwenye Bundesrath. Virginius inasimama peke yake kwa damu iliyomwagika, na kwa swali la bendera ya kudanganya.

Kama bado hujaridhika, yapo mawili ya pembeni. Mashauri ya majahazi ya Muscat, yaliyoamuliwa The Hague Agosti 8, 1905 kati ya Ufaransa na Uingereza, yalihusu majahazi ya Sur, bandari ya Oman, yaliyopeperusha bendera ya Kifaransa, yale yale yaliyokuwa yakishuka na kaskazi hadi Zanzibar na Pemba. Hoja kubwa ilikuwa mamlaka ya Sultani wa Muscat na biashara ya watumwa zaidi kuliko silaha, lakini swali la nani ana haki ya kupekua jahazi ni lilelile. Na kule Macau, Februari 1908, China iliikamata meli ya Kijapani Tatsu Maru ikiwa na bunduki, ikalazimishwa kuomba radhi, na wafanyabiashara wa Canton wakajibu kwa kususia bidhaa za Japani.

Uchague kwa hali yako

Ukiwa mwanafunzi wa sheria unayesoma Kifaransa au Kiitaliano, shika Doelwijk. Kama unasoma Kiingereza tu na bado unataka safari isiyokatika, shika Bundesrath, uifungue sura yako ya kwanza kwa Springbok.

Ukiwa mwalimu wa kidato cha tatu au cha nne na una vipindi viwili tu, Neera itakupa mzingiro, Abushiri, Witu na mkataba wa 1890 kwa pamoja. Chora ramani ya Lamu ubaoni kwanza.

Kwa mdahalo, mada ya Virginius inagawanyika vizuri: upande mmoja uchukue karatasi za kughushi, mwingine uchukue bahari kuu. Waonye wasemaji kwamba mauaji hayatetewi na upande wowote, ili mdahalo ubaki kwenye ukamataji. Bundesrath nayo inafaa kwa wasemaji waliokomaa, kwa kuwa pande zote mbili zina vitabu vya kunukuu.

Ukiwa unaandika tasnifu ya uzamili na una muda wa kukaa kwenye majalada, linganisha Neera na Bundesrath. Sijaona kazi ya Kiswahili iliyoziweka pamoja, na mtu anayesoma Kijerumani kidogo akiwa Dar es Salaam yuko karibu na malighafi kuliko wengi walioko Ulaya wanavyodhani.

Na kama lengo lako ni kumwandika Mwafrika kama mtu mwenye maamuzi, nenda kwa Menelik na barua yake kwa Papa, hata kama itakubidi umtafute mtu wa kukusomea Kiitaliano. Yule mwanafunzi wangu, nilipomrudishia karatasi yake, aliisoma orodha hii mara mbili, akachukua kalamu, akauliza padri wa parokia yao anapatikana siku gani, maana alisomea Roma.